Vipimo Viko Safi, Mama Anaumwa



Marko sura ya 5 inamtaja mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga, hali ikazidi kuwa mbaya. Tukiihubiri habari hii hukimbilia lile vazi la Yesu aliloligusa. Leo tukae kwenye kilichofuata. Yesu alikuwa akiwahi nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake yuko mahututi, umati unasukumana, naye akasimama mpaka mama yule akaeleza yote.

Wapo kati yetu wanaoumwa kibofu cha mkojo kwa miezi, wengine miaka. Maumivu ya chini ya kitovu hupanda kibofu kinapojaa, hupoa kidogo baada ya haja ndogo, kisha hurudi. Usiku hakuna usingizi. Mkojo ukipimwa, hauna maambukizi. Hata hivyo mtu hupewa dozi ya yutiai juu ya dozi, na nyumbani maswali ya uaminifu yanaanza. (Niseme wazi: huu si ugonjwa wa zinaa.)

Muuguzi anayejua kazi yake naye husimama. Humpa mgonjwa daftari aandike alichokula na kunywa, saa alizokwenda haja, na maumivu yalipopanda. Taratibu daftari huanza kusema: kwa huyu ni kahawa, kwa yule ndimu au pilipili. Humfundisha kulegeza misuli ya nyonga kwa kuvuta pumzi polepole, na kujikanda kwa chupa ya maji ya moto. Huuliza pia habari za usingizi, tendo la ndoa, kazi na hofu. Cicely Saunders, muuguzi wa Uingereza aliyesomea udaktari baadaye na kufungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu hushika mwili, akili, jamaa na roho kwa pamoja. Aliwahudumia hasa wagonjwa wa saratani, lakini somo lake linamfaa pia huyu mgonjwa wetu wa kibofu.

Haya hayamponyi kila mtu, wala hayachukui nafasi ya daktari. Damu kwenye mkojo au homa isisubiri maombi ya Ijumaa.

Nasi kanisani tuna la kufanya. Mfungo mkavu humtesa mgonjwa huyu, maana mkojo mzito hukiwasha kibofu. Anywe maji, na asihesabiwe kuwa amevunja mfungo. Wahudumu wa mlangoni, mpeni kiti cha pembeni, karibu na mlango. Akitoka mara tatu katikati ya mahubiri, msigeuke kumtazama, na mimi niliye madhabahuni nitaendelea kuhubiri.