Jina la Guerrero na Waliolibeba

Wanangu, msilitegemee jina ambalo hamkulitolea jasho. Naanza na neno hilo kwa sababu nimewachunguza. Akija mgeni barazani mnamuuliza ni wa nani kabla ya kumuuliza anafanya nini. Akitaja ukoo mkubwa anasogezewa kiti; akitaja ukoo msioujua anabaki amesimama. Wapo kati yenu wanaodhani jina la babu litawapitisha kila mlango, na wapo wengine, tena wenye akili nzuri, waliokwisha kukata tamaa kwa kuwa babu yao hakuacha jina lolote. Wote hao wamepotea njia moja.

Nikichukua mfano wa ukoo wa hapa kwetu mtaacha kunisikiliza, mtaanza kupima nimempendelea nani. Kwa hiyo nitawapeleka mbali, Uhispania na Mexico, kwenye jina ambalo wapenda mpira wenu wanalijua kwa sababu ya Paolo Guerrero, nahodha wa Peru katika Kombe la Dunia la 2018. Guerrero kwa Kihispania ni mpiganaji, mtu wa vita, ingawa wengi waliozaliwa nalo hawakushika silaha maisha yao yote. Wako kila mahali walikofika Wahispania: wanamuziki, waigizaji, wanamieleka, wachuuzi, mapadri. Kuna miji inayoitwa hivyo, kuna mtaa mkubwa jijini Mexico, na kuna jimbo zima kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Nitawasimulia wachache tu, na wawili kati yao nitakaa nao kwa muda.

Wa kwanza ni Gonzalo Guerrero, baharia wa Uhispania. Mwaka 1511 chombo alichosafiria kutoka Darién kwenda Santo Domingo kilivunjika karibu na Jamaica. Waliosalia walichukuliwa na mkondo wa bahari hadi Yucatán, nchi ya Wamaya. Wakatekwa. Wengine waliuawa, wengine wakafa kwa kazi na maradhi, na baada ya miaka minane walikuwa wamebaki wawili: Gonzalo na mtu wa dini aliyeitwa Jerónimo de Aguilar. Mwaka 1519 Hernán Cortés alifika pwani ile na majeshi yake, akasikia kuna Wahispania wanashikiliwa bara, akatuma barua na shanga za kuwakomboa.

Aguilar alishukuru Mungu, akaenda kumchukua mwenzake. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyekuwa katika msafara ule na baadaye akauandika, anasimulia jibu alilolipata. Gonzalo alisema ameoa, ana watoto watatu, wenyeji wamemfanya mkuu wao wakati wa vita, uso wake umechanjwa na masikio yake yametobolewa. Wahispania watamwonaje akirudi hivyo? Akamwonyesha wanawe. Mkewe naye akamfokea Aguilar kwa kuja kumwita mumewe. Aguilar akaenda zake, akawa mkalimani wa Cortés. Gonzalo akabaki, akawafundisha Wamaya namna ya kupigana na watu wa kwao, na inasemekana aliuawa Honduras katika miaka ya 1530, akiwa upande wa Wamaya.

Kwa karne nyingi wenzake walimwita msaliti. Leo Yucatán wamemjengea sanamu kama baba wa watu wa damu mbili. Mimi simlaumu Aguilar hata kidogo, maana kutamani kwenu si dhambi. Lakini angalieni siku ile. Mtu ameletewa uhuru mkononi, ameletewa lugha yake, dini yake, watu wake, na safari ya kurudi tayari imelipiwa. Aliyaweka yote hayo upande mmoja, upande wa pili akaweka mke na watoto watatu, akachagua. Ukoo wake haukumsaidia kuchagua. Alikuwa peke yake pale.

Wa pili ni Vicente Guerrero, na huyu ndiye ninayetaka mmjue vizuri. Alizaliwa Tixtla, milimani kusini mwa Mexico, mwaka 1782, wakati nchi ikiwa chini ya Uhispania. Watu wa kwao walikuwa wachukuzi wa mizigo kwa nyumbu, wakipita katika njia za milima ile. Damu yake ilikuwa ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili, na katika madaraja ya wakati ule mtu kama yeye alikaa chini kabisa. Zingatieni kwamba Waafrika walipelekwa Mexico kwa maelfu kwa maelfu. Wengi walitoka magharibi na kati ya Afrika, lakini wapo waliochukuliwa pwani ya Msumbiji, wakapitishwa Goa na Manila, wakashushwa Acapulco. Pwani ya Acapulco ndiyo pwani ya watu wa Vicente.

Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1810 alijiunga na kundi la padri José María Morelos. Morelos alikamatwa, akapigwa risasi Desemba 1815. Baada ya hapo viongozi walianza kusalimu amri mmoja mmoja, kwa kuwa liwali mkuu wa mfalme, Juan Ruiz de Apodaca, alikuwa mjanja: badala ya kuwaua alitoa msamaha. Anayeweka silaha chini anarudi kwake salama. Vicente akabaki milimani na watu wachache wasio na viatu wala baruti ya kutosha.

Ndipo liwali akamtuma baba yake. Mzee Pedro Guerrero alikuwa upande wa mfalme, na Wameksiko husimulia hadi leo kwamba alipanda mlimani akamsihi mwanawe kwa machozi akubali msamaha na cheo. Vicente akawaita askari wake wasikie. Akasema huyu ni baba yangu, neno lake kwangu ni takatifu, lakini nchi yangu kwanza. Maneno hayo ya mwisho yameandikwa kwa herufi za dhahabu ndani ya Bunge la Mexico, na ndiyo kaulimbiu ya jimbo lililopewa jina lake.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu mimi ni mzee na najua uzito wa radhi. Siwafundishi ukaidi. Kuna vijana wanaowajibu wazazi wao ovyo, wakashiba sifa kwamba wana msimamo. Vicente hakumtukana baba yake, wala hakumficha kama aibu. Alimsimamisha mbele ya watu na kumpa heshima yake yote kabla ya kukataa. Alichoombwa kingemnufaisha yeye peke yake na kuwaacha mlimani wale waliomfuata. Na gharama ya kukataa aliibeba mwenyewe. Mkifika mahali mnataka kumpinga mzazi, jipimeni kwa mambo hayo matatu. Likikosekana moja, rudini mkaombe radhi.

Mwishoni mwa mwaka 1820 aliyetumwa kumsaka Vicente ni kamanda Agustín de Iturbide, aliyekuwa amewatesa wapigania uhuru kwa miaka. Vita havikumshinda Vicente, wakaanza kuandikiana barua, na Februari 24, 1821 likatoka Azimio la Iguala la kuikata Mexico kutoka kwa Uhispania. Vicente alikubali Iturbide awe mkuu wa jeshi la pamoja. Fikirini: miaka 10 porini, kisha unampa adui wa jana nafasi ya mbele ili kazi iishe! Alilolishikilia ni haki ya watu wake. Kifungu cha 12 cha azimio kilisema wakazi wote, wawe wa asili ya Ulaya, ya Afrika au wenyeji, ni raia, na wanastahili kazi yoyote kwa kadiri ya sifa na mwenendo wao. Hadi leo kifungu hicho kinanigusa.

Nchi ilipokwisha kuwa huru na yeye akawa rais, Septemba 15, 1829, alitangaza mwisho wa utumwa nchini Mexico. Kwa kulinganisha, Unguja na Pemba amri kama hiyo ilikuja mwaka 1897. Ni kweli kwamba watumwa waliobaki Mexico walikuwa wachache, na kwamba miezi michache baadaye Texas, walikokuwa wengi, iliachwa nje ya amri kwa kelele za walowezi. Hata hivyo mzao wa Waafrika ndiye aliyetia saini.

Sasa msije mkamfanya malaika. Katika uchaguzi wa 1828 mshindi alikuwa Manuel Gómez Pedraza. Wafuasi wa Vicente waliasi, mji mkuu ukaporwa, mshindi akakimbia, na Bunge likamweka Vicente madarakani. Aliyekataa urahisi alipoletewa na baba yake aliupokea alipoletewa na wafuasi wake. Kabla mwaka wa utawala wake haujaisha makamu wake, Anastasio Bustamante, alimtoa kwa njia ileile ya bunduki, na Bunge likamtangaza hana uwezo wa kutawala. Akarudi milimani kwake. Januari 1831, bandarini Acapulco, nahodha wa Genoa aitwaye Francesco Picaluga alimwalika kula chomboni mwake. Baada ya chakula alifungwa, akauzwa kwa serikali kwa peso elfu 50, na Februari 14 akapigwa risasi katika mji wa Cuilapan.

Mji huo sasa unaitwa Cuilapan de Guerrero. Alikozaliwa ni Tixtla de Guerrero. Mwaka 1849 likaundwa jimbo la Guerrero, lenye Acapulco ya watalii, Taxco ya mafundi fedha, na pwani ya Costa Chica ambako wazao wa Waafrika wamekaa karne kwa karne. Kaskazini, mpakani na Marekani, mji mkongwe wa Revilla nao ulibadilishwa jina ukaitwa Guerrero, kisha mwaka 1953 bwawa la Falcón likaufunika, na watu wakahamishwa kwenda kujenga mwingine.

Lakini bandika jina la shujaa kwenye ramani, halafu uliza wanaoishi chini yake wanaishije. Katika eneo la Tixtla hiyohiyo kuna chuo cha walimu cha Ayotzinapa, cha vijana wa vijijini, watoto wa maskini. Usiku wa Septemba 26, 2014 wanafunzi wake walishambuliwa katika mji wa Iguala, Iguala ya azimio la uhuru, na polisi wa mji walikuwa miongoni mwa washambuliaji. Vijana 43 walichukuliwa, hawakurudi. Mabaki ya watatu tu ndiyo yaliyotambuliwa, na wazazi wameendelea kuandamana mwaka baada ya mwaka na picha za watoto wao. Jimbo linaitwa Guerrero, kaulimbiu ni maneno yake, na bado hilo limetokea. Basi mkisikia barabara, shule au uwanja umepewa jina la mtu mliyempenda, furahini, kisha nendeni mkakague kazi inayofanyika mle ndani. Wazao wa Waafrika wa Mexico wenyewe walitajwa katika katiba ya nchi yao mwaka 2019 tu, karibu miaka 200 baada ya kifungu kile cha Iguala.

Wengine nitawapitia upesi. Francisco Guerrero wa Sevilla, mtunzi wa muziki wa kanisa wa karne ya 16, alijulikana Ulaya yote na bado akatiwa gerezani kwa madeni mwaka 1591. María Guerrero, mwigizaji wa Madrid, alijenga na mumewe ukumbi mkubwa wa Cervantes kule Buenos Aires, ukafunguliwa mwaka 1921, nao madeni yakawanyang'anya. Leo ukumbi mmoja wa taifa mjini Madrid unaitwa kwa jina lake. Vladimir Guerrero wa Jamhuri ya Dominika alikuwa gwiji wa besiboli, akampa mwanawe jina lake lote. Mwaka 2007 baba alishinda shindano la kupiga mipira ya mbali, na mwaka 2023 mwana akashinda lilelile. Jina lilimletea kijana yule macho ya watu tangu akiwa mdogo, ila mpira uliporushwa hakuna aliyemshikia gongo.

Lipo jambo moja katika desturi ya Wahispania ninalotaka mlichukue. Mtu wao hubeba majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia, la mama likifuata, na mwanamke akiolewa habadili lake. Vicente aliacha binti, Dolores. Binti huyo akamzaa Vicente Riva Palacio, aliyepigana na Wafaransa walipoivamia Mexico, akaandika riwaya, na akasimamia kitabu kikubwa cha historia ya nchi yake kilichotoka katika miaka ya 1880. Jina lake la ukoo linalotangulia ni la baba, kwa hiyo asiyeuliza upande wa mama hatajua kwamba ni mjukuu wa yule mchukuzi wa mizigo wa Tixtla.

Sisi huku mtu huitwa kwa jina la babake na la babuye, na bibi mzaa mama husahaulika kabla ya matanga yake kuisha. Kwa hiyo likizo hii, kila mmoja wenu aende kwa wazee wa upande wa mama. Waulizeni majina ya watu wa nyuma kadiri wanavyokumbuka, walifanya kazi gani, walihama wapi, nani alikuwa mtumwa na nani alimiliki watumwa, nani alikataa nini alipoahidiwa mali. Andikeni yote, hata yatakayowachoma. Na yule asiyepata jina lolote la kujivunia aandike la kwake juu ya ukurasa, na chini yake aandike kazi anayoianza mwaka huu.