Nasaha kwa Atafutaye Mwenza Mbele ya Kamera

Vipindi vya uhalisia, yaani vipindi vya televisheni ambavyo washiriki wake si waigizaji waliokariri maneno bali ni watu wa kawaida wanaorekodiwa katika mazingira yaliyopangwa na watayarishaji, vimekwisha kuugeuza uchumba kuwa shindano. Kielelezo kinachojulikana zaidi ni The Bachelor, kilichoanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Machi 2002, ambamo wanawake 25 walimwania mwanamume mmoja aliyewapunguza kidogo kidogo kwa kuwapa mawaridi aliotaka wabaki. Anayefikiria kuingia katika shindano la namna hiyo yampasa kwanza aulize kile kinachoulizwa katika posa yoyote iliyo makini, nacho ni kwamba aliyesimama kati ya pande mbili ni nani, na anapata nini.

Katika desturi ya Waswahili aliyesimama kati ni mshenga, mtu mwenye kuaminiwa, ambaye hupeleka posa, huchunguza tabia na nasaba, na huyasitiri aliyoyaona hata posa ikikataliwa, kwa kuwa heshima yake mwenyewe imo katika kusimama kwa ndoa ile. Mtayarishaji wa televisheni naye huwakutanisha watu, lakini ujira wake hautokani na ndoa bali na watazamaji, ambao huvutwa na machozi, wivu na ugomvi kuliko na wawili wanaosikilizana kwa upole. Si kwamba kila mtayarishaji ni mtu mbaya. Ni kwamba kazi yake humvuta upande usio wa mchumba, na ukarimu wake hauwezi kulibadili hilo.

Kwa sababu hiyo mkataba usomwe mapema, tena pamoja na mwanasheria. Katika kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2022 na mshiriki wa Love Is Blind, kipindi cha Netflix ambamo watu huchumbiana wakiwa wametenganishwa na ukuta bila kuonana, ilidaiwa kwamba washiriki walinyimwa chakula na usingizi wa kutosha huku pombe ikimiminwa, na kwamba aliyeondoka bila idhini angeweza kudaiwa dola 50,000 ilhali malipo yake yalikuwa dola 1,000 kwa wiki. Kesi hiyo ilimalizwa mwaka 2024 kwa makubaliano ya dola milioni 1.4. Hata pasipo hayo, kumtenga mtu na simu yake na jamaa zake, kama ifanywavyo katika vipindi vingi vya aina hii, ni kumwondolea shauri la watu wake saa ile ile anapolihitaji kuliko wakati mwingine wowote maishani.

Uhariri nao, yaani kazi ya kukata na kupanga picha na sauti zilizorekodiwa, unaweza kuunganisha maneno yaliyosemwa siku mbalimbali yakasikika kuwa kauli moja, na mwenye maneno asiwe na njia ya kujitetea. Basi mshiriki auchunge ulimi wake, na zaidi auchunge kwa habari za nyumbani kwao, kwa maana maradhi ya mzazi, talaka ya dada au deni la kaka si mali yake peke yake hata ayatoe mbele ya taifa zima ili aonewe huruma.

Haki inataka isemwe kwamba wapo waliofanikiwa. Trista Rehn na Ryan Sutter, waliokutana katika The Bachelorette, kipindi pacha cha The Bachelor ambamo mwanamke ndiye achaguaye, walioana Desemba 2003, na sherehe yao ikaonyeshwa kwenye televisheni. Lakini ndoa yao ilijengwa baada ya kamera kuondoka, huko Colorado, ambako mume alikuwa mzimamoto.

Adabu haimdai mshiriki peke yake, bali humdai pia mtazamaji, na hapa ndipo uzembe ulipo mkubwa. Hana Kimura, mwanamieleka wa Japani aliyeshiriki Terrace House, kipindi cha uhalisia ambamo vijana waliishi pamoja katika nyumba moja, alionekana akimkasirikia mwenzake aliyeisinyaza nguo yake ya mieleka kwa kuifua katika mashine, jambo ambalo katika nyumba yoyote lingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Badala yake alimiminiwa matusi mitandaoni na watu wasiomjua, na mwezi Mei 2020 akajitoa uhai akiwa na umri wa miaka 22. Nchini Uingereza, kanuni za Ofcom, mamlaka ya utangazaji, zinawataka watangazaji tangu Aprili 2021 kuwaangalia washiriki walio katika hatari ya kudhurika; Japani nayo iliongeza adhabu ya kumtukana mtu hadharani mwaka 2022, ikafikia hadi kifungo cha mwaka mmoja. Sheria hizo zilikuja baada ya maziko. Anayetazama vipindi hivi na kuandika neno juu ya mtu aliyemwona kwa saa moja tu, na aliandike kama kwamba mama wa mtu huyo ameketi kando yake.