Benki Kuu, Ukame na Imani ya Mwenye Shilingi

Je, Benki Kuu ya Uganda ijitwike mzigo wa tabianchi? Ibara ya 162 ya Katiba ya 1995 inaikabidhi kulinda thamani ya shilingi, bila kuamriwa na mtu yeyote. Ukame ukiikumba Isingiro, bei ya chakula hupanda kambini Nakivale na mjini Mbarara. Basi kuupima ukame ni sehemu ya kazi hiyo. Kuamua nani anyimwe mkopo kwa ajili ya mazingira ni jambo jingine: hilo ni la Bunge, linalowajibika kwa wapiga kura. Mkimbizi wa Nakivale hapigi kura, ila shilingi anaitegemea. Anachoidai benki ni ahadi inayotimizika: hela ya leo inunue unga kesho.