Kwao Ndege ni Wapi?

Mwezi wa Mei, theluji inapoyeyuka katika milima ya Alaska isiyokaliwa na watu, hutua ndege mdogo mwenye mgongo wa kijivu na mkia mweupe wenye ncha nyeusi. Wataalamu humwita Oenanthe oenanthe. Uzito wake ni gramu 25 tu. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya watatu waliovishwa vyombo vidogo vya kupimia mwanga: walisafiri kilometa 14,500 hivi, wakavuka Asia na jangwa la Arabuni, wakakaa kipupwe chote Afrika ya Mashariki. Kuja kuliwachukua siku 91 hivi, kurejea, 55.

Watu wa Alaska husema amerudi. Mchungaji wa kaskazini ya Kenya, amwonapo tena juu ya kichuguu, aweza kutamka neno lilo hilo asiwe mwongo. Desturi husema kwao mtu ni kulikozikwa kitovu chake. Nacho kitovu cha ndege huyu, kama yai lina kitovu, ki katika ufa wa mwamba wa Alaska. Lakini nguvu zimpelekazo huko hutokana na wadudu wa nyika.

Amwagaye sumu nyikani hamwoni atakayetazama mwamba mtupu mwezi wa Mei, wala hatashitakiwa naye. Je, yuko deni kwa asiyemjua? Yuko, ingawa hakuna wa kumdai. Malipo yenyewe si makubwa: kichuguu kile kiachwe na wadudu wake mpaka Machi, ndege ashibe aondoke.