Chozi wa Uluguru na Ndoa za Watoto Wetu



Sisi wa Mlali tukiinua macho tunaiona milima ya Uluguru. Katika misitu yake ya juu anaishi chozi mmoja, ndege mdogo anyonyaye maua, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1922, wakampa jina la Bwana Arthur Loveridge. Kule milima ya Nguru na Ukaguru yuko chozi mwingine, ndugu yake wa karibu, lakini si wa aina moja naye.

Ilikuwaje? Wataalamu hueleza kwamba zamani sana misitu ilienea zaidi. Nchi ilipokauka, msitu wa namna hii ulibaki milimani tu, kunakofika mvua ya Bahari ya Hindi. Ndege aliyezoea kivuli na ubaridi havuki kwa urahisi nyanda zenye jua kali. Basi wa huku hawakuzaliana tena na wa kule. Kizazi baada ya kizazi wakatofautiana kidogo kidogo, hata wakawa aina mbili. Hapakuwa na ugomvi. Ilitosha kutengana muda mrefu.

Je, sisi wanadamu tumetengwa hivyo? Hapana. Sote tu aina moja, wenye asili moja, kama Mtume Paulo alivyowafundisha watu wa Athene (Matendo 17). Hata mila ya Waluguru ilimkataza mtu kuoa katika ukoo wake mwenyewe, na hivyo kila arusi iliunganisha ukoo na ukoo.

Walakini hutokea kwetu mzazi Mkristo, ashirikiye Meza ya Bwana pamoja na jirani wa kabila jingine, akamkataa kijana wa jirani huyo asimwoe binti yake, kwa ajili ya kabila tu. Kuuliza imani, tabia na bidii ya mchumba ni haki ya mzazi. Kuuliza kabila na kuishia hapo ni kuweka mpaka ambao Mungu hakuuweka. Nyanda kavu ziliwatenga ndege bila kujua zitendalo, sisi twajua.

Tangazo la ndoa likisomwa kanisani, huulizwa kama kuna mtu ajuaye kizuizi. Tujichunguze mioyo kabla ya kujibu. Kabila si kizuizi.