Mkono wa Kutwika

Hata hamali hodari wa soko la Chwele, kule Bungoma, gunia la mahindi hajitwiki peke yake. Humwita mwenziwe, wakaliinua pamoja, akaenda nalo. Wala hakuna amwitaye dhaifu. Basi kijana mwenye ulemavu wa akili, ambaye Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010 imemdhaminia heshima na staha, naye shingo anayo. Haja yake ni mtu wa kumwonyesha taratibu, leo na kesho na keshokutwa, namna ya kuchambua punje zilizooza, hata mkono uzoee. Asibebewe. Atwikwe. Na jioni ujira wake apewe yeye, mkononi mwake, wala usipitie kwa ami yake kwa udhuru wa kumhifadhia.