Simu Ikiita, Mwanangu

Mwanangu, nimekuona simu ikiita unaitazama tu mpaka inyamaze, halafu unaandika, "Samahani, sikuwa karibu." Harusini unakimbilia jikoni kumenya vitunguu, ukumbini huonekani. Watu husema unaringa. Mimi najua unaogopa.

Hali hii ikizidi, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa. Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Theodore Millon, aliwaeleza watu wanaotamani sana kuwa na wenzao lakini wanawakwepa kwa kuhofia kudharauliwa. Mwaka 1980 hali hiyo ikaingia katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili. Iko katika kundi moja na hali ya mtu asiyeamua lolote bila kushikwa mkono, na ya yule anayesaka ukamilifu hata kazi haiishi. Mara nyingi ukichimba chini ya hali hizi tatu utaikuta aibu. Wa kwanza anahofia kujulikana, wa pili anajiona si lolote akiwa peke yake, wa tatu anaamini kosa moja litamvua nguo. Lakini usijipachike jina la ugonjwa mwenyewe. Hiyo kazi ni ya daktari, na wapole wengi hawana ugonjwa wowote.

Kuhusu aibu hiyo, mwanasaikolojia Helen Block Lewis aliandika mwaka 1971 jambo ninalotaka ulishike: anayejuta hulitazama tendo lake, mwenye aibu hujitazama yeye mzima. Tendo huombewa radhi, yakaisha. Lakini ukishaamini wewe mwenyewe ndiwe kosa, utaomba radhi ya nini? Unajificha. Na kwa kuwa umejificha, hupati kuona kwamba watu wangekupokea, basi hofu inabaki vilevile, mwaka baada ya mwaka.

Wako waliozaliwa na woga, ni kweli. Ila nasi wazazi tumechangia: tunamcheka mtoto mbele ya wageni, tukiita hayo malezi.

Sitakwambia ujikaze, umeshajikaza vya kutosha. Pokea simu ya mtu mmoja unayemwamini, umwambie yeye tu linalokusumbua. Harusini kaa ukumbini mpaka chakula kiishe kuliwa, ndipo uondoke. Uso ukiwaka moto, usitoke papo hapo. Ngoja moyo utulie kwanza. Na kama hali hii imekuzuia masomo au kazi, nenda kliniki ya afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ipo, ingawa huchukua miezi. Ukitaka wa kukusindikiza siku ya kwanza, niambie, twende wote.